Thumuni Yangu Ilikuwa Redio

Walimu wenzangu mnaobaki,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na sufuria, nashukuru. Lakini mmoja wenu, sitamtaja, anajijua, alisimama na kikombe mkononi akaniita nyanya kwa Kiborana, akauliza mbele ya wazazi: "Akko, hayo masomo ya redio uliteseka nayo ya nini? Mtu mzima, na watoto, na kazi unayo tayari. Si ungefundisha tu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuna. Jibu lake ni refu kuliko sherehe ya chai, ndiyo nimekaa kuliandika. Habari za vyeo na mshahara msizitafute hapa. Mshahara uliingia, ukatoka.

Nilianza kazi Kulamawe, kijiji cha wafugaji nje ya Isiolo, mwanzo wa miaka ya sabini. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na darasa la pili lilikaa nje chini ya turubai la lori. Mimi shule ya kweli niliishia darasa la nne. Madarasa ya msingi yaliyobaki niliyamaliza nikiwa mama wa mtoto mmoja, kama mtahiniwa wa nje, nimeketi katikati ya watoto wa watu huku wangu analia mlangoni mikononi mwa nyanya yake. Kwa hivyo nilikuwa nimeshazoea kuchekwa kabla hata ya kuajiriwa.

Hedimasta alikuwa Mwalimu Murithi, mtu wa Meru, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Watoto walijua Kiborana peke yake, na yeye hakujua Kiborana hata cha kuomba maji. Alitafuta mtu wa hapo anayejua kusoma, akaletewa mimi. Alichukua gazeti lililofungia sukari, akalinyoosha mezani.

"Soma."

Nikasoma mpaka pale lilipochanika.

"Ingia darasa la kwanza," akasema. Mafunzo yangu ya ualimu yakawa yameisha.

Siku hiyo ya kwanza nilifundisha herufi moja mpaka watoto wakachoka na mimi nikachoka. Ubao ulikuwa mweupe kuliko chaki. Jioni Murithi alinionyesha kazi: unachukua betri za redio zilizokufa, unazipasua, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unauponda na maji na utomvu kidogo, unapaka ubao. Ukikauka unaandika kama kawaida. Nyinyi mnaletewa rangi kwenye mkebe na bado mnanung'unika. Mimi tangu siku hiyo sikutupa betri hata moja maishani.

Jambo lingine alilonifundisha ni hili: mtoto akikosa, usimwambie amekosa, mwambie arudie. Akikosa tena, basi aliyekosa ni wewe, umefundisha vibaya. Nililishika. Na kwa watu wazima ni hivyo hivyo, ila mtu mzima ukimwambia arudie anakuangalia kwanza.

Walimu bila cheti tulikuwa tunaitwa UT, kifupi cha Kiingereza cha mwalimu asiyefunzwa. Mngelisikia jina hilo likitamkwa mngedhani ni ugonjwa wa mbuzi. UT anafundisha darasa lile lile, anapigwa na jua lile lile, lakini akija kijana kutoka chuo, UT anapisha. Niliona mwenzangu mmoja akipisha. Alikuwa amejenga hata choo cha shule kwa mikono yake. Aliambiwa asubuhi, mchana akawa njiani na godoro lake. Hakuna aliyemkosea adabu. Alishukuriwa vizuri sana.

Sisi tunaofuga tunajua jambo hili. Ng'ombe asiye na chapa akipotea, kila anayemuokota anasema ni wake, na wewe mwenyewe huna la kuonyesha. Unaweza kumjua kwa pembe, kwa sauti, kwa mama yake. Utaambiwa, sawa, chapa iko wapi? Nilimtazama yule mwenzangu akiondoka nikajua kwamba mimi sina chapa.

Murithi ndiye aliyeniambia kuna masomo yanakuja kwa posta na redio, ya kumfikisha mtu kidato cha pili bila kuingia sekondari. Unatumiwa vitabu vyembamba, unajibu maswali, unarudisha, yanasahihishwa na mtu usiyemwona, na jioni mwalimu anasema kwenye redio. Likizo mnaitwa chuoni mkae pamoja, mfundishwe kazi. Nikamuuliza kama mwanamke wa umri wangu anakubaliwa.

"Redio haioni sura," akasema.

Shida ilikuwa redio yenyewe. Ilikuwa ya mume wangu, Dida. Dida alikuwa dereva wa lori, anabeba mali ya tajiri wa mjini mpaka Moyale na kurudi, na tulikuwa tumeshahamia Isiolo mjini, mimi nikapelekwa shule ya bulla, mtaa wa pembeni mwa mji. Redio aliipenda kuliko viatu. Akirudi safari anaiweka kwenye kiti, yeye anakaa chini. Alikuwa anasikiliza habari, na saa ya habari na saa ya somo zilikuwa zinagongana.

"Dunia inaungua na wewe unataka hesabu," alisema.

"Dunia ikiungua utaniambia. Hesabu nani ataniambia?"

Tukapatana: habari asubuhi zake, jioni zangu. Lakini jioni hakutoka. Alikaa hapo hapo anasikiliza na mimi, na kazi yake ikawa kugombana na mwalimu wa redio. Siku moja tulikuwa na somo la ngano ya Kanada. Mwalimu anasema inalimwa tambarare kubwa, inavunwa, inapelekwa mbali. Dida akakaa wima.

"Huyu anaficha kitu. Hiyo ngano yote inabebwa na lori gani?"

"Nyamaza nisikie."

"Barabara ya huko ikoje wakati wa mvua? Muulize."

"Hasikii, Dida."

"Basi ni mwalimu gani huyo?"

Ilibidi nitafute kwenye kile kitabu ili nyumba itulie. Nikamwambia inabebwa na treni mpaka ziwani, kisha meli. Akauliza kwa huzuni ya kweli, "Na madereva wanakula nini?"

Likizo nilikwenda chuoni Meru na mtoto wa mwisho mgongoni. Tulilala vitanda vya wanafunzi, miguu inatoka nje. Hapo niliona watu wazima wa kila aina, na kwa sababu mmeniuliza kwa nini tunasoma, nitawaambia walivyosema wenyewe. Mmoja alisema ni mshahara, na hakuona haya. Mwingine, mzee mwenye mvi, alisema mwanawe alisahihisha barua yake na kuirudisha. Mama mmoja wa kutoka Nkubu alisema nyumbani kwake hakuna mlango unaofungika, anakuja kusoma apate usingizi. Hakuna aliyesema anasoma kwa kupenda elimu. Waliosema hivyo walikuwa wageni wa heshima, siku ya kufunga.

Nilirudi nikakuta maneno yamefika kabla yangu. Shemeji yangu Wario, mdogo wake Dida, anayekaa Kulamawe na mifugo, alikuja kumuuliza ndugu yake ni mwanamume gani anayempeleka mke chuoni. Dida akamjibu, "Mke wangu anajua ngano ya Kanada inabebwa na nini. Wako anajua?"

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilikuja kwa hasira. Lori la Dida lilikuwa linavuka laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu mpaka usahau ni mto. Maji yalitoka juu huko ambako mvua hatukuiona. Lori walilipata limelala. Dida walimpata kesho yake.

Sitaandika zaidi juu ya hapo. Aliyezikwa amezikwa.

Nilivaa nguo nyeupe nikakaa eda. Mnaotoka kwingine mjue: mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, haposwi. Sikuipinga eda. Dida alistahili kukaliwa. Lakini mtihani wa kidato cha pili ulikuwa unaanguka ndani yake, na inspekta wa shule alikuwa ameshatuambia UT wote wa mjini: mwenye kuupita atathibitishwa kazini, asiyeupita, matokeo yakitoka apishe. Ilikuwa hivyo tu.

Kwanza ilikuja mirathi. Sheikh Noor wa msikiti wetu alikaa mkekani, Wario mbele yake, sisi wanawake nyuma ya pazia. Mimi nimezaa wasichana, sina mvulana. Kwa hivyo sheria ilikuwa wazi: mabinti thuluthi mbili zao, mjane mwenye watoto thumuni yake, moja kwa nane, na kinachobaki kinakwenda kwa ndugu wa marehemu. Mali yenyewe ilikuwa ng'ombe wachache na mbuzi, maana wengi waliisha siku za vita vya shifta, miaka ya sitini. Thumuni yangu ilikadiriwa mtamba mmoja na mbuzi kidogo.

Wario alikuwa ameshaitoa redio kwenye rafu akaiweka mapajani. Alikuwa anaipangusa vumbi kwa kitambaa chake. Nilimwona kwa upenyo wa pazia na nitasema ukweli, alikuwa anaipangusa kama mtu anayepangusa uso wa ndugu yake.

"Hii ya ndugu yangu," akasema. "Hii nitabeba mimi."

Nikasema kutoka nyuma ya pazia: "Sheikh, thumuni yangu nipeni redio. Mtamba na mbuzi achukue shemeji."

Wanawake walioketi nami wakashika midomo. Mmoja akanifinya paja. Sheikh akauliza kama nimesikia vizuri hesabu yenyewe, kwamba redio haifiki bei ya mtamba. Nikasema nimesikia.

Wario akageukia pazia. "Mama Kabale, huzuni imekuchanganya. Ng'ombe anazaa. Redio inazaa nini?"

"Tutaona."

"Na huko Kulamawe utasikiliza nini? Eda ikiisha nitakuja na lori nikuchukue. Watoto wa ndugu yangu si wa kutupwa mjini. Nitakuoa, mtakula ninachokula."

Msimchukie Wario. Alikuwa anasema yanayosemwa na mwanamume mwema kwa mila yetu, na wajane wengi walikwenda hivyo wakakaa salama. Lakini nilijua maana yake. Kabale, binti yangu mkubwa, alikuwa darasa la sita. Kulamawe Kabale angechunga mbuzi, halafu angeolewa, na mimi ningekaa kwa hisani ya mtu mpaka nife. Nilimjibu kwamba mwenye eda haposwi, maneno hayo ayaweke. Sheikh akakubali kwa kichwa, akampa redio Kabale ailete ndani. Wario aliiachia polepole.

Basi nikakaa eda na redio. Shule ilinipa ruhusa, na watu walikuja kunipa pole wakanikuta naandika. Vitabu viliendelea kufika kwa posta, Kabale anavichukua shuleni. Betri zikichoka nilizianika juu ya bati saa za mchana, zinapata nguvu tena kidogo, kama mzee aliyepewa supu. Jirani zangu walisema mjane huyu anasikiliza nyimbo. Sikuwaita waje wasikie ni nyimbo gani. Eda inazuia miguu. Masikio haikuyataja.

Mtihani ulipokaribia nilimwomba Sheikh Noor aje. Alisimama mlangoni, mimi ndani.

"Unataka kutoka," akasema.

"Nataka kuuliza."

"Kazi hii ndiyo inalisha hawa mayatima?"

"Ndiyo. Kazi nyingine sina."

"Mtihani ni mchana?"

"Mchana."

"Na usiku utalala wapi?"

"Hapa, nilipolala na Dida."

Akafikiri. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, hata maneno nilikuwa nimeyapanga, na mengine hayakuwa ya adabu. Akasema, "Mjane hutoka mchana kwa haja yake, na akarudi kulala nyumba yake. Nenda. Usijipake mafuta ya kunukia."

"Kwa mtihani wa hesabu, Sheikh?"

Alicheka akaenda zake. Yale maneno yangu niliyoyapanga yalibaki bure.

Asubuhi nilitoka na nguo nyeupe, kalamu mbili, na rula ya Kabale. Bulla nzima ilikuwa mlangoni. Mama mmoja jirani, mkubwa kwangu, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka sokoni, alikuwa anapepeta mtama. Hakusimamisha ungo.

"Darmi," akaniita kwa jina langu, "mume amekufa ama amepona?"

"Amekufa, mama."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mtihani haujafa."

Ungo ukasimama. Nikapita. Mpaka nafika barabara kubwa nilikuwa nasikia macho yao mgongoni kama jua la saa saba, na nikawa natembea polepole makusudi, wanione vizuri.

Kwenye ukumbi wa mtihani msimamizi kijana aliniwahi mlangoni. "Mama, pole, msiba ni nyumba ya nyuma, huku kuna mtihani."

"Msiba ni mimi. Nionyeshe dawati langu."

Nililipata, kati ya wasichana wa sare. Karatasi ya jiografia ilipofunuliwa niliipitia, na swali moja lilikuwa: eleza jinsi ngano inavyosafirishwa kutoka nyanda za Kanada. Kalamu ilikataa. Nilisikia sauti yake kabisa, barabara ya huko ikoje wakati wa mvua. Machozi ya mjane ni halali, lakini karatasi ikilowa haisomeki, kwa hivyo nikainua uso nikatazama dari mpaka yakarudi yalikotoka. Kisha nikaandika. Treni, ziwa, meli. Nikaongeza na habari ya theluji kufunga njia, kwa sababu angeuliza.

Eda iliisha kabla ya matokeo kutoka. Wario akaja kama alivyosema, na lori la watu la kurudi Kulamawe, likiwa na nafasi ya vyombo vyangu. Mimi nilikuwa nafua.

"Mama Kabale, twende. Watu wanangoja."

"Nangoja matokeo."

"Na ukianguka?"

Hapo nikajifunga mwenyewe. "Nikianguka utaniona Kulamawe na vyombo vyangu, wala sitasema neno. Nikipita usinijie tena na lori."

Alinitazama sana. "Umeapa?"

"Nimesema."

Akapanda, lori likaondoka bila mimi. Wiki zilizofuata nilifundisha bila kujua nafundisha nini. Nilivifunga vyombo, nikavifungua. Kabale aliacha kuniuliza.

Matokeo yalipofika Mwalimu Murithi, ambaye wakati huo naye alikuwa mjini, alikuja nayo mwenyewe. Hakusema hongera, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema, "Sayansi utarudia. Mengine umepita. Jumatatu usichelewe." Sayansi ilikuwa imenitupa chini kweli, na niliirudia mwaka uliofuata. Lakini cheti kilikuwa cheti, na inspekta alikiangalia, akaangalia jina, akageukia mtu mwingine wa kupisha.

Nilimtuma mfanyabiashara wa mbuzi apeleke habari Kulamawe. Jibu la Wario lilirudi kwa mdomo wa huyo huyo: "Mwambie hongera kwa cheti cha redio." Likashika. Watu wakaniita Mwalimu wa Redio, na kila kijana aliyetoka chuo akija shuleni anaambiwa, pamoja na mahali pa choo, kwamba yule mama cheti chake kilitoka kwenye betri. Sikulikataa jina. Nilisomesha nalo wasichana wangu wote, Kabale akawa muuguzi, na ubao wangu niliendelea kuupaka mwenyewe kwa betri zile zile.

Wario hakuja tena na lori. Alitimiza. Miaka ikapita, tukawa tunaonana kwenye harusi na matanga, tunasalimiana vizuri kama watu wanaogopana.

Kisha siku moja, miaka ya themanini imeshakomaa, nimo darasani jioni nasahihisha, nikaona mtu amesimama mlangoni na beberu kwenye kamba. Mvi zimemjaa.

"Salaam aleikum, Mama Kabale."

"Waleikum salaam, Wario. Karibu. Huyo mbuzi abaki nje, hapa ni darasani."

Alimfunga. Akaingia, akatafuta pa kukaa, akakalia dawati la darasa la tatu, magoti yakamfika kidevuni. Tuliulizana mifugo, mvua, watoto, wagonjwa, mpaka salamu zikaisha na hakuna pa kujificha tena.

"Wanataka naibu wa chifu huko kwetu," akasema. "Wazee wamenitaja mimi. Lakini siku hizi wanataka mtu mwenye cheti."

"Nimesikia."

"Kuna kijana anaitaka hiyo kazi. Hajui hata kisima kilichimbwa na nani. Lakini anacho."

"Pole."

Akavuta shuka yake. "Ile redio bado iko?"

Walimu wangu, nilikuwa na maneno ya miaka. Niliyahesabu yote mdomoni, ng'ombe anazaa, redio inazaa nini, cheti cha redio. Nikayatazama yale magoti kwenye dawati la mtoto. Nikayameza. Si kwa huruma. Mtu akija kurudia humwambii amekosa.

"Beberu rudi naye," nikamwambia. "Ukija tena lete betri."

Akaja nazo Ijumaa baada ya swala, mpya, zimefungwa kwenye leso. Nikazitia, nikaiweka redio kwenye kiti, yeye akabaki dawatini na kalamu ameishika kama fimbo. Somo lilikuwa la mito. Mwalimu wa redio akaanza, mito hutoka milimani, hutiririka, huingia baharini.

Wario akakaa wima. Alinyoosha kidole kwenye redio, na sauti iliyotoka kinywani mwake nilikuwa nimeizika mimi mwenyewe.

"Huyu anadanganya. Huu mto wetu Waso unaingia bahari gani? Waso unaishia mchangani. Muulize."

Ilibidi niangalie dari, kama ile siku ya mtihani.

"Hasikii, Wario," nikamwambia. "Nyamaza. Andika."